Usiizoee Madhabahu, Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu, keti karibu. Nina neno la kukuambia, na si neno la kusemwa kwa kipaza sauti.

Habari zako zinanifikia. Nasikia unahubiri, unaombea wagonjwa, vijana wanajaa kanisani mpaka wengine wanasikiliza wakiwa dirishani. Video zako zimepita simu hadi simu mpaka zimewafikia shangazi zako mjini. Nimefurahi, tena sana. Namshukuru Mungu aliyeikumbuka nyumba yetu.

Ila njia hiyo uliyoishika naijua inakopita. Nimewaona vijana wenye moto kuliko wako wakiipita. Wengine leo ukiwatajia jina la Bwana wanageuza uso. Wengine bado wanahubiri, na hao ndio wanaoniuma zaidi. Sauti ipo, suti imenyooshwa, mikono inapunga, lakini hofu ya Mungu ilishaondoka siku nyingi.

Watu watakuambia wale waliangushwa na pombe, au na wanawake, au na fedha. Hayo yalikuja mwishoni, yakaonekana kwa kuwa yana kelele. Kilichowaangusha kilianza zamani, siku walipoanza kuizoea madhabahu. Dhambi unayoiogopa utaikimbia, mwanangu. Baraka uliyoizoea utalala nayo kitanda kimoja.

Nakusihi, usiizoee madhabahu.

Fungua Mambo ya Nyakati cha Pili, sura ya 26, usome habari za mfalme Uzia. Usome pole pole, usiruke mstari. Alitawazwa akiwa na miaka 16, akatawala Yerusalemu miaka 52. Alikuwa na mtu wa kumfundisha kumcha Mungu, jina lake Zekaria, na siku zote za mafundisho hayo mambo yake yalinyooka. Alijenga minara, akachimba visima jangwani kwa ajili ya mifugo yake, akaweka watu wa kulima mizabibu milimani kwa sababu aliipenda ardhi. Mimi mkulima nampenda kwa hilo. Sifa zake zikafika mpaka mpaka wa Misri.

Kisha akapata nguvu. Hapo simama, mjukuu wangu, usiharakishe. Uzia hakuanguka aliposhindwa vita, wala alipopungukiwa chakula, wala hakuifuata miungu ya mataifa. Alianguka alipokuwa na nguvu. Na alikosea wapi? Hakukosea kilabuni. Alikosea hekaluni, ameshika chetezo cha uvumba mkononi, akitaka kumfukizia Bwana, kazi ambayo Mungu aliwapa wana wa Haruni. Alikuwa ndani ya ibada! Aliona kwamba kwa kuwa Mungu alimbariki shambani na vitani, hakuna mlango wa nyumba ya Mungu utakaofungwa mbele yake.

Kuhani Azaria aliingia nyuma yake pamoja na makuhani 80, wanaume mashujaa, wakamkataza usoni. Uzia akakasirika. Hasira ikiwa bado inawaka na chetezo kikiwa bado mkononi, ukoma ukamtokea kwenye paji la uso. Akatoka mbio mwenyewe. Tangu siku hiyo aliishi nyumba ya peke yake mpaka kufa kwake, mwanawe akiamua mambo ya watu badala yake, na hata alipozikwa watu waliutaja ukoma wake. Miaka 52, minara, visima, mizabibu, na mwishowe kilichobaki midomoni mwa watu ni ule ugonjwa wa paji la uso.

Sisi wa Kagera tunaijua migomba. Upepo hauangushi mgomba mchanga. Unaoanguka ni ule wenye mkungu mkubwa, na ndiyo maana mwenye shamba mwenye akili hukata mti wa kuutegemeza mgomba mapema, mkungu ukiwa bado unajaa, kabla ya mvua zenye upepo. Akingoja mpaka shina lianze kuinama amechelewa. Mkungu wako sasa unajaa. Ndiyo sababu nimekuita leo, sikungoja mwakani.

Nikueleze habari za watu walionilea katika imani. Walikuwa watu wa Uamsho. Ninyi mnawaona kama wazee wanaokaa viti vya mbele na kuimba wimbo wa Tukutendereza kwa sauti zilizochoka. Hamjui walikotoka.

Mwaka 1929 kulikuwa na daktari Mwingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi hospitali ya Gahini kule Rwanda. Njaa kubwa ilikuwa imepita katika nchi ile, na yeye alikuwa amechoka mwili na roho. Akaenda Kampala. Pale kwenye kilima cha Namirembe akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, mtu mwenye kazi ya serikali katika mambo ya afya. Wote wawili walikuwa Wakristo wa kuheshimika. Kama wangekuwa wa siku hizi, wangesalimiana, wakapiga picha, wakaachana. Wao walikaa chini na Biblia zao, wakaisoma na kuomba pamoja, kila mmoja akikubali mbele ya mwenzake kwamba moyo wake ni mkavu na unamhitaji Roho Mtakatifu.

Mzungu na Mwafrika, mwaka 1929, wanakiri upungufu wao kila mmoja mbele ya mwingine! Wewe umezaliwa juzi, huwezi kuujua uzito wa jambo hilo. Wakati ule misheni nyingi zilikuwa na meza ya Wazungu na meza ya wenyeji.

Kutoka hapo moto ukawaka Gahini katika miaka ya 1930, ukaenda Kigezi kule Uganda, ukaingia Kenya, na mwaka 1939 ukafika upande wetu huku, Katoke, kisha ukawashika hata Walutheri wa Bukoba. Ulikuwa moto wa namna gani? Watu walirudisha ng'ombe waliowaiba. Watumishi walirudisha vijiko na mashuka ya mabwana wao. Mume alimwomba mkewe msamaha mbele za watu, jambo ambalo wazee wengi wa wakati ule waliliona ni aibu ya ukoo. Na wamisionari, watu waliokuja kutufundisha dhambi ni nini, walisimama wakakiri kwamba walikuwa wakitudharau mioyoni mwao. Walisema wanatembea nuruni, na kweli walitembea.

Hawakuwa na vipaza sauti. Hawakuwa na mabango yenye sura zao. Na Afrika Mashariki yote ikatikisika.

Sasa sikiliza vizuri, maana uchungu uko hapa. Watu hao hao waliovunjika mbele za Mungu, kiburi kiliwarudia. Kilirudi kimevaa nguo ya toba. Mtu alikiri dhambi yake kwa machozi, watu wakaimba, wakamkumbatia. Wiki iliyofuata akakiri tena, na safari hii aliisikiliza sauti yake mwenyewe inavyotetemeka. Baadaye akaanza kumhesabia mwenzake: fulani hajakiri vya kutosha, fulani amepoa, fulani bado yuko gizani. Mtu aliyepiga magoti kwa ajili ya dhambi zake akainuka na kuwa hakimu wa magoti ya wengine.

Mwaka 1941 pale chuo cha Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa. Walikuwa wakiamka alfajiri kuomba na kuhubiri, wakisema chuo kimelala na baadhi ya walimu hawaliamini Neno. Wakakatazwa, wakakataa kukatazwa. William Nagenda alikuwa mmoja wao. Mimi nawapenda wale vijana, na naamini waliona jambo la kweli. Lakini naamini pia kwamba mkuu wa chuo na wale wanafunzi walishindana, kila upande ukiwa na hakika kwamba Mungu amekaa kwake, na kanisa likapata jeraha lililochukua miaka kupona. Kinachonifariji ni Nagenda mwenyewe. Hakuwahi kuwekwa wakfu kuwa mchungaji. Akakubali kwenda bila kola, akahubiri katika nchi nyingi, hata Ulaya, kama mkristo wa kawaida aliyesamehewa. Wewe leo mtu akisahau kukuita Mtumishi unanuna.

Na haikuishia Mukono. Baadaye, huko huko Uganda, lilitoka kundi lililoitwa Wazukufu, likisema wenzao wa Uamsho wamelala tena na wao ndio walioamka upya. Wakaweka sheria za kupima aliyeamka, hata habari ya kukopa ikawa kipimo cha wokovu. Ndugu waliokula pamoja na kulia pamoja wakaacha kusalimiana. Hawakugombana juu ya dhambi. Waligombana juu ya nani ametubu zaidi.

Unaona, mjukuu wangu? Kiburi kwa mlevi hubisha hodi. Kwa mtu wa maombi kina ufunguo wake.

Yesu aliligusa jambo hili katika Luka 18. Wawili walikwenda hekaluni kusali, Farisayo na mtoza ushuru. Sisi tukisoma tunamcheka Farisayo, tunasahau kwamba alianza kwa kumshukuru Mungu. Kiburi chake kilikuwa ndani ya shukrani! Alifunga mara mbili kwa juma, alitoa zaka, na hatuambiwi kwamba alidanganya. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na bado akarudi nyumbani mikono mitupu. Basi ukisimama kutoa ushuhuda, jichunguze. Ushuhuda wako unamtaja nani mara nyingi, Mungu au wewe?

Nakuomba sana, jichunguze.

Na maombi yenu ya siku hizi yananitia hofu. Nilihudhuria mkesha wenu. Nilisikia sauti nyingi zikisema naamuru, nakataa, napokea, nadai. Nilingoja nisikie mtu mmoja akisema, mapenzi yako yatimizwe. Nilingoja mpaka jogoo wakawika. Mwana wa Mungu mwenyewe, usiku ule Gethsemane, aliomba kikombe kimwepuke, kisha akamwachia Baba yake aamue. Wewe umepata wapi ruhusa ya kumwamuru Mungu? Ombeni kwa imani, sikatai. Ombeni kwa nguvu, pigeni kelele mkitaka. Lakini mwombaji akisahau kwamba anaomba, amekuwa mdai, na mdai hulala na hasira siku asipolipwa. Mungu akikunyima kitu mwaka mmoja, na huo mwaka utakuja, utamwita Mungu nani?

Utaona mdai anaanza kutafuta mchawi. Atasema ni bibi yake, ni jirani, ni mama wa kambo. Nyumba ngapi zimevunjika kwa namna hiyo katika nchi hii? Vikongwe wangapi wamekimbia vijiji vyao kwa sababu ya neno lililotoka kwa mtu aliyejiita mwonaji? Chungu kinachochotwa unabii kila siku hatimaye hutoa uongo, maana mwenye chungu anaona aibu kusema leo hakuna kitu.

Jifunze kusema sijui. Nakusihi kwa jina la Bwana, jifunze kusema sijui. Mama aliyefiwa na mtoto akikuuliza kwa nini, mwambie hujui, ukae naye, ukamsaidie kuteka maji. Kijana akikuuliza amwoe nani, usimtolee jina. Yesu alisema habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye ila Baba peke yake. Mtu anayejua zaidi ya hapo amejiweka mahali pa nani?

Na ninaposema njia hii naijua inakopita, sikutishi kwa maneno. Kule Kanungu, katika nchi ile ile ya Kigezi ambako Uamsho uliwaka, kulikuwa na kundi lililotaka kurudisha utii wa Amri Kumi. Nani angekataa Amri Kumi? Walifunga, waliomba, waliishi kwa ukimya wakizungumza kwa ishara ili wasitende dhambi kwa ulimi. Viongozi wao walisema wanasikia sauti kutoka mbinguni, na kwamba dunia ingeisha mwaka 1999 ukiisha. Watu wakauza mali zao wakaleta fedha. Mwaka ukaisha, jua likachomoza kama kawaida.

Siku ile kiongozi mmoja angeweza kusema: tulikosea, tusameheni, rudini nyumbani. Maneno machache tu. Hakuna aliyeyasema. Tarehe 17 Machi 2000 nyumba yao ya ibada ikateketea, watu wakiwa ndani na madirisha yamepigiliwa misumari. Baadaye makaburi yakafukuliwa katika nyumba nyingine za kundi lile. Waliokufa walikuwa mamia, na watoto wengi kati yao. Mimi naamini watoto wale waliuawa na neno ambalo mtu mzima alishindwa kulisema: nimekosea.

Mwaka 2023 msitu wa Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ukatoa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao walioacha kula wakitaka kwenda kukutana na Yesu. Na kwetu Tanzania, Moshi, Februari 2020, watu 20 walikanyagana wakafa uwanjani wakiyakimbilia mafuta ya upako. Sikuambii wewe ni kama watu wale waliowaongoza. Nakuambia hakuna aliyeamka asubuhi moja akaamua kufika huko. Naamini kila mmoja alianza na kikundi kidogo cha maombi, na sebule, na watu waliomwambia: Mtumishi, Mungu anakutumia.

Najua utanijibu: Babu, unataka tuwe watu wa kuinamisha vichwa, tudharauliwe? Hapana. Hapo wengi hukosea, na wengine hulitumia neno unyenyekevu kuwanyamazisha maskini na wanawake. Mtu anayejidharau bado anajitazama mwenyewe kutwa nzima. Sikutaki uwe hivyo.

Nakutaka uwe kama Janani Luwum. Alikuwa mwalimu huko Acholi, kaskazini mwa Uganda. Januari 1948 watu wa Uamsho walifika kwao, naye akajisalimisha kwa Kristo. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu, wakati mtawala Idi Amin alipokuwa akiua watu. Usiku mmoja wa Februari 1977 askari walivamia nyumba yake wakidai wanatafuta silaha. Hawakuzipata. Maaskofu wakaandika barua wakimwambia Amin wazi kwamba serikali inawaua watu wake, na yeye akiwa mkuu wao hakujificha nyuma ya wengine. Tarehe 16 Februari waliitwa Kampala mbele ya askari waliojaa uwanjani. Wengine wakaambiwa waende zao, yeye akabakizwa. Kesho yake ikatangazwa kwamba amekufa katika ajali ya gari, yeye na mawaziri wawili. Hakuna aliyeamini. Walimzika kijijini kwao, Mucwini.

Ulishajiuliza alitoa wapi ujasiri ule? Mimi nasema aliutoa magotini. Magoti yaliyozoea kupigwa mbele za Mungu hukataa kupigwa mbele ya mtu. Aliyejitukuza ana mengi ya kupoteza, kwa hiyo mtawala humnunua bei rahisi: kiti cha mbele, bahasha, mwaliko wa ikulu. Nimewaona watu wa Mungu wenye majina makubwa wakinyamaza siku ambayo watu walihitaji wasikie sauti yao. Walikuwa na mengi ya kulinda. Luwum alikuwa ameshavuliwa kila kitu tangu mwaka 1948, basi Amin alikuta hana cha kumtishia isipokuwa uhai wake, na huo nao aliuweka mikononi mwa Bwana.

Mwenzake, askofu Festo Kivengere, ambaye miaka ya nyuma alikuwa mwalimu hapa kwetu Tanzania, kule Dodoma, alilazimika kukimbia na mkewe akivuka milima usiku. Alifika salama, akagundua moyo wake umejaa chuki dhidi ya Amin. Alikuwa na haki ya kuchukia, nani angemlaumu? Yeye akaiona chuki ile kuwa dhambi yake, akaitubu, akaandika kitabu kueleza kwamba anampenda Idi Amin. Mtu ameporwa nchi, ameuliwa rafiki, na bado anaulizia dhambi yake mwenyewe. Huo ndio unyenyekevu ninaouzungumza. Na ni mgumu, mwanangu. Ni mgumu kuliko kufunga siku arobaini.

Basi nikuombe mambo machache, nawe usinibishie.

Uzia alikuwa na makuhani 80 wa kumzuia mlangoni. Wewe una wangapi? Ninawaona wanaokubebea Biblia, wanaokufungulia mlango wa gari, wanaoitikia amina kabla hujamaliza sentensi. Sijamwona wa kukuambia hapana. Mtafute. Awe mtu mzima, asiyekula kwako, asiyekuogopa. Akikuambia umekosea usimtajie upako wako.

Sadaka ihesabiwe na wazee wa kanisa, wewe ukiwa nje. Usiguse bahasha, hata ile iliyoandikwa jina lako, mpaka ipite mikononi mwao. Mtu akipona baada ya kuombewa, mwache aende hospitali akapimwe, kisha aende kwao akawaambie watu wake. Usimsimamishe mbele ya kamera akiwa bado anatetemeka. Petro na Yohana, yule kiwete wa mlango wa hekalu alipotembea, waliwauliza watu kwa nini wanawakazia macho wao kana kwamba ni nguvu zao. Wewe jiulize hivyo hivyo kila watu wanapokukazia macho.

Uwe na maombi ambayo hakuna anayeyajua. Uwe na mgonjwa mmoja unayemtembelea, umwoshe, umlishe, asijue mtu, hata mkeo asipokuuliza. Bwana alijifunga taulo akawaosha miguu watu kumi na wawili, na Yuda alikuwa bado mezani. Aliosha na miguu ile. Sisi tunachagua miguu.

Na usidanganyike kwamba utaanza ukishakuwa mkubwa. Anayepanda mimbari kwa magoti hushuka kwa miguu yake. Anayepanda kwa mbavu za watu hushushwa. Anza sasa, ukiwa bado unaweza kushuka mwenyewe.

Limebaki moja, na ndilo zito.

Mchungaji aliyekubatiza, aliyekufundisha kipaimara, aliyekupa nafasi ya kwanza kusoma somo mbele ya watu. Ulimwacha kwa maneno. Ulisema madhabahuni kwako kwamba wachungaji wa kizamani wana dini hawana Mungu, na watu wote walijua unamsema nani. Walicheka. Yeye amesikia. Hajakujibu hata siku moja, na kila nikikutana naye ananiuliza habari za afya yako.

Nenda ukamwombe radhi. Usiende na mpiga picha. Usiende na vijana wako wa kukusindikiza. Usijitetee kwamba ulikuwa unasema kwa Roho. Mwambie ulimkosea, kisha unyamaze umsikilize, hata akikusema kwa ukali. Halafu Jumapili simama pale pale ulipoyasemea yale maneno, uwaambie watu wale wale kwamba ulikosea. Najua utaona watu watakushusha. Wachache wataondoka. Waache waondoke.

Jumatano hana ibada, utamkuta nyumbani. Nimeshamwambia unakuja.